Gari likipoteza nguvu njiani, fungua kwanza kifuniko cha tangi

Kwa wenye magari ya petroli ya zamani wanaopanda vilima vya Pemba, tuseme kati ya Chake Chake na Wete: gari likianza kulegea baada ya mwendo mrefu, na kawaida yake ni kuwa sawa tena likishapumzishwa, simama pahala salama na, kabla injini haijapoa, fungua kifuniko cha tangi la mafuta (sigara iwe mbali), usikilize, ukifunge, kisha uondoke mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani na gari likarudi kwenda vizuri, basi yumkini njia ya kupumulia ya tangi imeziba, kwa vumbi au kutu, na kadiri petroli inavyotumika ndivyo tangi linavyokosa hewa ya kujaza nafasi yake, hata pampu ikashindwa kuvuta mafuta ya kutosha. Hewa inayofoka kuelekea nje si dalili hiyo. Kwa joto letu mvuke wa petroli hufanya hivyo hata katika gari lisilo na kasoro. Kipimo hiki hudanganya ukikawia, kwani koili (kifaa kinachopeleka umeme mkali kwenye plagi) au pampu iliyopata moto nayo hurudi kufanya kazi ikipoa. Kwa hiyo siku nyengine simama kwa muda ule ule bila ya kufungua kifuniko, ulinganishe. Nguvu zisiporudi kwa njia hii, mtake fundi aangalie chujio la mafuta kabla hajakuuzia pampu.