Mkalimani wa Kiingereza na Kifaransa kwa mkutano wa sayansi Arusha

Ukitafuta "mtu anayejua Kifaransa" utampata, na huenda asikufae. Mfasiri huandika akiwa na kamusi mezani. Mkalimani husikiliza na kusema papo hapo, na neno likishampita limepita.

Amua kwanza aina ya ukalimani. Kwa ziara ya maabara au mashamba huko Tengeru, ukalimani fuatizi unatosha: msemaji anasema, ananyamaza, mkalimani anasema. Hauhitaji mitambo, ila muda huongezeka karibu maradufu. Ukumbini unahitaji ukalimani sambamba, ambapo mkalimani anasema huku msemaji akiendelea, wenye kibanda cha wakalimani na vifaa vya masikioni, na hapo ni wakalimani wawili, wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Usikubali mmoja afanye siku nzima kwa bei nafuu. Akichoka huanza kukosea bila mwenyewe kujua.

Arusha ina wakalimani wazuri kwa sababu ya mahakama: ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyofungwa 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hadi sasa. Ndiyo maana wengi wao wamebobea kwenye sheria. Anayemudu hukumu ya kurasa 200 anaweza kukwama kwenye vinasaba vya mbu. Usipompata hapa, tafuta Nairobi, ambako chuo kikuu hufundisha ukalimani, au kwenye orodha ya wanachama wa AIIC, chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano. Orodha hiyo huonyesha lugha A (ya asili), B (anayoimudu kiasi cha kukalimani kwenda lugha hiyo) na C (anayoielewa tu). Kama wageni wa Burundi au Kongo watauliza maswali kwa Kifaransa, mwenye Kiingereza C hatoshi.

Kisha mpime. Kumuuliza kama anajua sayansi hakusaidii, maana atajibu ndiyo. Mpigie kwa video, mchezeshee dakika 5 za hotuba ya fani yenu, naye akalimani. Kama hujui Kifaransa, mtafute mtafiti anayekijua asikilize nawe. Sikilizeni tarakimu: "billion" ya Kiingereza ni "milliard" kwa Kifaransa, ilhali "billion" ya Kifaransa ni kubwa mara 1,000. Sikilizeni vifupisho: HIV inakuwa VIH, DNA inakuwa ADN, WHO inakuwa OMS. Na "evidence" (ushahidi) ya Kiingereza si "évidence" ya Kifaransa, ambayo ni jambo lililo wazi lenyewe.

Malipo huwa kwa siku. Andikeni kwenye mkataba nauli, malazi, posho, fidia ya kuahirisha, na kama kiasi ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo. Kodi hiyo ni asilimia 5 kwa mkazi na 15 kwa asiye mkazi, na ugomvi mwingi wa mwisho wa mkutano huanzia hapo.

Wiki moja kabla, mtumie slaidi zote na orodha ya istilahi 40 hadi 60. Anayesoma karatasi yake neno kwa neno atoe nakala, kwa kuwa kasi ya kusoma humshinda hata mkalimani hodari.

Jaribuni mitambo jioni ya kuamkia mkutano, na wekeni vipaza sauti viwili vya kuzungushwa ukumbini. Anayeuliza bila kipaza sauti, hata akipaza vipi, kibandani hasikiki.