Boila imegoma: namna ya kusoma msimbo wa hitilafu na kujua lipi la kwako, lipi la fundi

Mwongozo huu unahusu boila za gesi aina ya kombi, zinazotundikwa jikoni au kabatini katika nyumba nyingi za Uingereza na kupasha maji ya bomba na ya redieta (vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto) pamoja, bila tangi. Msimbo unaotokea kwenye kioo chake hautaji kifaa kilichokufa. Unakwambia boila ilitafuta kitu gani ikakikosa: maji, moto au mzunguko. Ikisema moto haukuwaka, huenda mita ya gesi imeishiwa salio, au bomba la maji machafu la boila limeganda nje ya ukuta, na yote mawili unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Ukisikia harufu ya gesi, acha kusoma. Usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, funga koki ya gesi kwenye mita (mkono wake ukikingama na bomba, imefungwa), toka nje ndipo upige 0800 111 999. Namba hiyo ni ya England, Scotland na Wales, usiku na mchana. King'ora cha hewa ya kaboni monoksidi kikilia, fanya vivyo hivyo.

Kama hakuna hatari, piga picha ya kioo kabla hujazima chochote. Watu wengi hukimbilia swichi, msimbo unafutika, kisha fundi akija anakuta boila inawaka vizuri na hana pa kuanzia.

Misimbo utakayokutana nayo zaidi

Maji yamepungua: boila za kampuni ya Vaillant huandika F22, za Ideal Logic F1, na nyingi za Baxi E119.

Moto: kwa Vaillant, F28 ni moto uliokataa kuwaka, F29 ni uliowaka ukazimika. Worcester huandika EA, Ideal L2, Baxi E133.

Joto limepita kiasi: F20 ya Vaillant, E110 ya Baxi. Iache ipoe, hakikisha redieta hazijafungwa zote, na ikirudia ita fundi.

F75 ya Vaillant huwachanganya watu. Maana yake ni kwamba pampu imeanza kusukuma, lakini kihisi cha presha hakikusikia badiliko lolote. Mwenye nyumba huongeza maji, boila inakubali siku moja mbili, kisha inagoma tena. Mara nyingi tatizo ni kihisi chenyewe au pampu, kwa hiyo hapo maji hayasaidii.

Misimbo hutofautiana kwa toleo. Soma jina kamili la boila kwenye lebo, kisha pakua kitabu cha toleo hilo hilo.

Kuongeza maji

Boila ikiwa baridi, presha ya maji kwenye kipimo chake iwe kati ya bar 1 na 1.5. Ikipata moto inaweza kupanda hadi karibu 2, si neno. Ikifika 3, valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje.

1. Zima boila, subiri nusu saa ipoe. Kipimo cha boila ya moto kitakudanganya.

2. Chungulia chini yake utafute hosi fupi iliyosukwa kwa waya wa chuma, yenye koki ndogo kila upande. Baadhi ya Worcester hazina hosi hiyo, zina mkono wa buluu wa kuvuta chini.

3. Kaza nati za pande zote mbili. Fungua koki ya kwanza yote. Kama ni ya kuzungushwa kwa bisibisi bapa, mfereji ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikingama imefungwa.

4. Fungua ya pili taratibu, robo mzunguko tu, mpaka usikie maji yakipita kwa sauti nyembamba. Macho yawe kwenye kipimo, si kwenye mkono. Mshale huanza kwa uvivu, halafu hupanda ghafla.

5. Ukifika 1.2, funga ya pili kisha ya kwanza, zote kabisa. Kanuni za maji za Uingereza zinataka hosi itenganishwe baada ya kujaza, na zina sababu: koki ikivuja kidogo tu, presha itapanda usiku kucha wewe umelala.

6. Washa boila, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya.

Ukizidisha, punguza kwa kufungua kidogo skrubu ya hewa ya redieta, kitambaa kikiwa chini yake.

Presha ikishuka tena wiki hiyo hiyo, maji yanapotelea mahali. Pitia maungio ya redieta ukitafuta ukoko wa kijani au mweupe. Kisha toka nje utazame bomba la shaba linalochungulia ukutani karibu na boila: likiwa linadondosha, valvu ya usalama inapitisha. Boila iliyo kwenye 1.2 asubuhi, ikapanda karibu na 3 ikiwa moto, kisha ikalala kwenye sifuri, kwa kawaida mtungi wake wa upanuzi, unaopokea maji yanapotanuka kwa joto, umepoteza hewa. Hiyo ni kazi ya fundi. Usiizoee kwa kuongeza maji kila siku, maana maji mapya huleta oksijeni, na oksijeni hula chuma cha redieta kikawa tope jeusi.

Moto haukuwaka

Anza na jiko. Kama jiko la gesi nalo haliwaki, boila haina kosa. Tazama koki ya mita, halafu salio. Mita ya kulipia kabla hufanana na luku: salio likiisha, limeisha. Na hata baada ya kuongeza fedha, baadhi ya mita hungoja ubonyeze kitufe ndipo gesi irudi.

Jiko likiwaka, na nje kuna barafu, shuku bomba la maji machafu la boila. Boila za kisasa hupoza moshi wake mpaka utoe maji, nayo hutoka kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba hilo likipita nje huganda, hasa kwenye kona na mdomoni. Maji yanarudi nyuma, boila inagugumia kama buruma, kisha inajizima. Chukua maji ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya kuchemka kwa sababu plastiki hupasuka, uyamwage kuanzia mdomoni ukipanda juu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa juu ya kona nayo inafaa. Rudia mpaka usikie mserereko, ndipo uwashe upya. Dawa ya kudumu ni bomba la nje la milimita 32 badala ya 21.5, fupi, lenye mteremko na lililovikwa sponji isiyopitisha maji.

Kitufe cha kuanzisha upya kibonyeze mara mbili, ukiacha dakika kadhaa katikati. Ikikataa, basi. Kifuniko cha mbele kiache kilivyo: kwenye boila nyingi huziba chumba cha moto, na ndani yake ni kazi ya mtu aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Dai kitambulisho chake ukigeuze nyuma, ndipo palipoandikwa kazi anazoruhusiwa.

Hakuna msimbo, lakini nyumba ni baridi

Badilisha betri za themostati ya ukutani. Angalia pia saa ya boila, hususan Machi na Oktoba saa zinapobadilishwa.

Redieta yenye baridi juu na joto chini ina hewa: zima joto, fungua skrubu kwa ufunguo wake mpaka mfoko wa hewa ugeuke maji, funga, kisha pima presha tena maana itakuwa imeshuka. Baridi ikiwa chini katikati, ni tope. Redieta moja tu ikiwa baridi yote, ng'oa kichwa cha valvu yake, ubonyeze kijiti cha chuma kilicho chini yake. Kinatakiwa kuzama na kurudi milimita chache. Kikibaki chini, kigongegonge pembeni polepole. Usikivute kwa koleo. Kikichomoka maji meusi yatakufuata hadi kwenye zulia.

Kwa aliyepanga, matengenezo ya boila ni juu ya mwenye nyumba, pamoja na ukaguzi wa gesi wa kila mwaka. Mtumie ujumbe wenye picha ile ya kioo, presha ikiwa baridi na ikiwa moto, na saa hitilafu ilipoanza.