Kuagiza Jiwe la Sanamu ya Mpira: Kutoka Machimbo ya Mutoko hadi Mbeya

Mtu anayeishi Iringa karibu na jiwe la Gangilonga, au Mbeya ambako milima imezunguka mji, ana haki ya kuuliza kwa nini jiwe la sanamu ya mpira wa miguu litafutwe nje ya nchi. Ni swali la kujibiwa kwanza, tena kwa kwenda kuyaona machimbo ya karibu, kwa kuwa jiwe la jirani huokoa fedha nyingi za usafiri. Sababu ya kutosha ya kuvuka mpaka ni kupata pande kubwa, la rangi moja na lisilo na ufa, kutoka kwa wachimbaji waliozoea kukata jiwe likiwa zima badala ya kulilipua liwe kokoto.

Kabla ya kuulizia bei, kamati iamue ukubwa wa sanamu na mahali itakapochongwa. Tuseme mnataka mpira wenye kipenyo cha mita 1.2 usimame nje ya Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Mpira huo hukatwa kutoka katika pande lenye mita 1.2 kila upande, yaani mita za ujazo 1.73, na kwa kuwa jiwe jeusi, ambalo nitalipendekeza hapa chini, lina uzito wa karibu tani 3 kwa mita moja ya ujazo, pande hilo lina zaidi ya tani 5. Likishaviringishwa hubaki nusu na kidogo tu, takriban tani 2.7. Kwa hiyo ni busara kuomba liviringishwe hukohuko machimboni, kisha mchongaji wenu afanye kazi ya mwisho Mbeya. Vinginevyo mtalipia nauli ya zaidi ya tani 2 za vipande vya kutupa.

Katika kuchagua aina ya jiwe, jihadharini na neno marumaru, ambalo madukani kwetu humaanisha vigae vya sakafu. Marumaru halisi, kama ya Carrara nchini Italia, huchongeka vizuri, lakini mvua huilainisha na kuila taratibu, na Mbeya mvua si haba. Kwa sanamu ya nje ningechagua jiwe jeusi la Mutoko, kaskazini mashariki mwa Zimbabwe, ambalo wafanyabiashara huliita granaiti ingawa wanajiolojia huliita doleriti. Uzuri wake ni kwamba likisuguliwa hung'aa na kuwa jeusi kabisa, ila likigongwagongwa kwa patasi hubaki la kijivu. Mpira wa mtindo wa Kombe la Dunia la 1970 una vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita. Mkisugua vile 12 na kuacha 20 vikiwa na alama za patasi, pande moja litawapa rangi zote mbili.

Hatua nisiyokubali irukwe ni kwenda kuliona jiwe lenyewe. Niliwahi kulipia pande kwa kutegemea picha na kipande cha sampuli kilichosuguliwa vizuri, na mwezi wa pili wa kuchonga likafunguka ufa katikati. Tangu hapo huenda na ndoo ya maji na nyundo. Mwagia jiwe maji pande zote, kisha subiri. Uso unapokauka, ufa hubaki na unyevu na kujionyesha kama uzi mweusi, hata ukiwa mwembamba kuliko unywele. Halafu gonga sehemu mbalimbali: jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyozibwa. Ukiridhika, liandike namba kwa rangi isiyofutika, lipige picha kila upande, na namba hiyo iingie katika mkataba na katika ankara.

Mkataba ueleze vipimo, uzito, nani anabeba hasara jiwe likivunjika njiani, na malipo ya mwisho yafanyike baada ya kupakia. Dai kibali cha kusafirisha nje pamoja na cheti cha uasili cha SADC, yaani hati ya kuthibitisha jiwe limetoka nchi gani, ambacho huweza kuwapa nafuu ya ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wakala wa forodha wa Tunduma apewe nakala za hati zote kabla lori halijaondoka.

Njia ya barabara hupitia Harare, Chirundu, Lusaka na Nakonde. Jiwe lilazwe juu ya magogo yaliyotibiwa dhidi ya wadudu na kupigwa muhuri, lifungwe kwa minyororo yenye raba chini yake, na likae katikati ya ekseli ili lisilete matatizo kwenye mizani. Foleni ya Tunduma huweza kula siku kadhaa, kwa hiyo msikodi kreni mpaka lori limeshavuka.

Msingi wa zege uwe umekomaa siku 28 kabla ya jiwe kuwekwa. Ombeni pia vipande viwili vilivyokatwa kutoka kwenye pande lilelile: kimoja kwa maandishi ya sanamu, kingine kihifadhiwe kwa ukarabati, kwa sababu pande jingine, hata la machimbo yaleyale, huenda lisilingane nalo kwa rangi.