Namna ya Kupunguza Mzigo wa Kanuni Kabla Haujafika Dukani

Mfanyabiashara mdogo nchini Kenya kwa kawaida hukutana na kanuni mpya siku askari wa kaunti anaposimama mlangoni akidai cheti ambacho mwenye duka hajawahi kukisikia. Siku hiyo kubishana hakufai kitu, kwa kuwa kanuni imekwisha kuchapishwa na ada imekwisha kupangwa. Nafasi ya kuipunguza ilikuwepo majuma kadhaa kabla.

Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inaitaka mamlaka husika, kanuni inapoelekea kuwatwisha wananchi gharama kubwa, iandae kwanza taarifa ya athari zake: lengo, gharama na faida, pamoja na njia nyingine zilizofikiriwa na sababu za kuziacha. Tangazo lake hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida, na wananchi hupewa muda usiopungua siku 14 kutoa maoni. Muda huo ni mfupi, hivyo chama cha soko au kikundi cha akiba kimteue mtu mmoja wa kulipitia Gazeti Rasmi kila Ijumaa linapotoka. Upande wa kaunti, ada za leseni, mabango na soko hubebwa na Mswada wa Fedha, ambao hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge la kaunti kuidhinisha matumizi ya bajeti. Kwa hiyo, bajeti ikipitishwa mwishoni mwa Juni, miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo ya kukaa macho.

Rasimu ikishapatikana, kazi ya kwanza ni kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa hoteli ya meza nne yenye wafanyakazi watatu, na rasimu inayotaka wapimwe afya kila miezi mitatu badala ya sita. Safari za kwenda kupimwa zinaongezeka kutoka 6 hadi 12 kwa mwaka. Ikiwa kila safari inagharimu shilingi 1,000 za kipimo na 200 za nauli, gharama inapanda kutoka shilingi 7,200 hadi 14,400, bila kuhesabu zile asubuhi 12 ambazo mtu mmoja amepungua jikoni wakati wateja wa chai wamejaa. Hesabu ya namna hii ikiambatanishwa na risiti, ni vigumu afisa kuipuuza, ilhali malalamiko ya jumla huishia kwenye faili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika kwamba kikundi kinapinga kanuni nzima. Ni afadhali kutaja kifungu na maneno yanayotakiwa, kwa mfano: "Mahali palipoandikwa 'kila miezi mitatu', iandikwe 'kila miezi sita kwa biashara ndogo kabisa na biashara ndogo'." Madaraja hayo yasibuniwe, kwa kuwa yamo tayari katika sheria ya biashara ndogo ya mwaka 2012. Ilipotungwa, ndogo kabisa ilikuwa yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka, na ndogo iliishia wafanyakazi 50 na mauzo ya shilingi milioni 5. Laki tano kwa mwaka ni chini ya shilingi 1,400 kwa siku, kiasi ambacho kibanda cha chapati hukipita bila shida, na ndiyo sababu msamaha uombwe kwa madaraja yote mawili.

Waraka wa maoni upelekwe kwa mamlaka inayotunga kanuni ukiwa na nakala, na nakala inayobaki igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine iende kwa karani wa Bunge la Taifa, maana kanuni ya waziri ikishachapishwa lazima iwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inakuwa batili, na wabunge wana uwezo wa kuifuta.



Kwa kanuni za zamani, itazamwe tarehe ya kutungwa kwake. Chini ya ile sheria ya utungaji wa kanuni, kanuni hukoma baada ya miaka 10, na ikiongezewa muda huongezewa mara moja tu, usiozidi miezi 12. Afisa anayedai ada aombwe kwa heshima aonyeshe kanuni anayoitegemea na mwaka wake.