Jinsi ya Kuweka Kikomo cha Kazi Zilizo Mkononi katika Timu ya Programu

Timu nyingi zinazofuata mbinu za ajaili (agile), yaani za kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi na kuifikisha kwa mtumiaji mara kwa mara, zimeshika mikutano yake na kuisahau shabaha yake. Wanasimama kila asubuhi kwa dakika 15, ubao wa kazi umejaa kadi, kila kadi ikiwa kazi moja, na bado mteja anangoja majuma kadhaa kupata badiliko dogo. Miongoni mwa kanuni 12 zinazoambatana na Ilani ya Ajaili, ambayo watu 17 waliiandika Februari 2001 huko Snowbird, Utah, nchini Marekani, mojawapo inasema kwamba kipimo cha msingi cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Kadi iliyofika nusu, hata ziwe ishirini, haimo katika kipimo hicho. Ndiyo maana, timu inapoelemewa, jambo la kwanza ninalolitazama ni idadi ya viporo ilivyonavyo.

Hatua ya kwanza: chora ubao kama kazi inavyokwenda kweli. Safu tatu za "Bado", "Inafanyika" na "Tayari" huficha mengi. Mahali popote kazi inapongoja mtu mwingine, weka safu ya kungoja: inangoja mapitio ya msimbo (mwenzako kuyakagua maandishi ya programu uliyoandika), inangoja majaribio, inangoja kupelekwa kwa watumiaji. Katika timu moja niliyofanya nayo kazi, kadi ya kurekebisha fomu ya kujisajili ilikaa siku tisa chini ya "Inafanyika". Tulipoifuatilia, tuliona kuwa msimbo wenyewe uliandikwa kwa asubuhi moja. Siku zilizobaki ilikuwa ikingoja mtu wa kuupitia, na kwa kuwa ubao haukuwa na safu hiyo, hakuna aliyeiona foleni.

Hatua ya pili: hesabu. Andika kwenye kila kadi tarehe ilipoanzwa na tarehe ilipomalizika, kisha baada ya majuma mawili au matatu tumia kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 katika nadharia ya foleni: wastani wa muda wa kadi moja ni sawa na idadi ya kadi zilizo mkononi ikigawanywa kwa idadi ya kadi zinazomalizika kwa juma. Timu yenye kadi 12 mkononi, inayomaliza tatu kwa juma, humfanya mteja angoje wastani wa majuma manne. Ikishusha kadi hizo hadi sita na kasi ya kumaliza isipungue, atangoja mawili, bila mtu yeyote kuongezewa saa za kazi. Hesabu hii hufaa pale tu ambapo kazi zinaingia na kutoka kwa uwiano. Kama kadi mpya zinarundikana kila siku, wastani huo utakudanganya.

Hatua ya tatu: andika juu ya kila safu kikomo, yaani idadi ya juu kabisa ya kadi zinazoruhusiwa humo. Kwa wanaprogramu watano, mimi huanza na kadi nne kwenye kuandika msimbo na mbili kwenye mapitio, zile zinazongoja zikiwa zimehesabiwa humo humo. Kadi iliyokwama kwa sababu ya mtu wa nje nayo ihesabiwe, kwani ukiitoa kwenye hesabu, kukwama kutakuwa njia rahisi ya kujipatia kazi mpya.

Hatua ya nne ndiyo ngumu: kukiheshimu kikomo kinapojaa. Mwanaprogramu amemaliza msimbo wake, na safu ya mapitio tayari ina kadi mbili. Haruhusiwi kuisogeza kadi yake wala kuanza nyingine. Apitie msimbo wa mwenzake, amsaidie anayefanya majaribio, au akae na mwenzake waandike pamoja kazi iliyowashinda wengine. Meneja aliyezoea kuona kila mtu na kadi yake atapata shida hapa, na ni vema mkubaliane naye mapema, kabla ya siku hiyo kufika. Kwa dharura, tengeni nafasi ya kadi moja tu. Mkiruhusu mbili, baada ya mwezi kila ombi litaitwa dharura.

Hatua ya tano: katika mkutano wa kila siku, usimzungukie kila mtu kumuuliza alifanya nini jana. Someni ubao kutoka kulia kwenda kushoto, mkianza na kadi iliyo karibu zaidi na kumfikia mtumiaji, na kwa kila kadi ulizeni inahitaji nini ili imalizike leo. Kadi ambazo hazijaanzwa hazihitaji kutajwa kabisa.

Baada ya majuma mawili, punguzeni kikomo cha safu moja kwa kadi moja, kisha mtazame tarehe. Muda ukipungua, endeleeni kupunguza. Watu wakianza kukaa bure huku kadi zikienda polepole kuliko awali, rudisheni moja.