Kutoka sahani ya agari hadi GenBank: kuchapisha jenomu pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza

Mwaka 2010, jijini Durban, mwanafunzi alipata faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, kwenye bilinganya iliyooza. Ikaitwa Muddy. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa kwamba Muddy ni miongoni mwa faji tatu zilizotumika kumtibu kijana wa Uingereza aliyeambukizwa bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus. Iliwezekana kwa sababu sampuli ilitunzwa na jenomu yake, yaani DNA yake yote, ikasomwa. Ninapowafundisha wanafunzi kazi kama hii, mimi huanza na bakteria, maana darasa dogo huwamudu kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 1: Sampuli. Kila mwanafunzi awe na bakteria wake. Achukue udongo wa bustani au maji ya bwawa. Wodi na vidonda aviache kabisa. Siku hiyohiyo aandike tarehe, mahali, joto na aina ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya DNA, au jarida huweza kuyauliza hayo, na miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka. Mkubaliane pia mapema kazi gani inampa mtu haki ya kuwa mwandishi.

Hatua ya 2: Kutenga. Aoteshe koloni moja, yaani kidoa kimoja cha bakteria, kwenye sahani mpya, arudie mara mbili au tatu. Wanafunzi huchoshwa na hatua hii, lakini usiwaruhusu kuiruka. Nakala igandishwe kwenye gliseroli, kimiminika kinacholinda seli zisiharibiwe na barafu, nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 3: Utambuzi. Jeni ya 16S rRNA, inayotumika kutambua bakteria, isomwe kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) 27F na 1492R, kisha ilinganishwe na mifuatano inayojulikana kwa programu ya BLAST. Ikielekea kwenye kimelea hatari, simamisheni kazi.

Hatua ya 4: Kusoma DNA. Kama inapelekwa nje ya nchi, anza kufuatilia vibali mapema sana.

Hatua ya 5: Kompyuta. Hapa ndipo mwanafunzi anapogeuka mtafiti, kwa hiyo mpe muda. Programu ya SPAdes huunganisha vipande vya DNA vilivyosomwa, QUAST hupima muunganiko, CheckM hukadiria ukamilifu wa jenomu na uchafuzi wa DNA ya viumbe wengine. Mimi nataka ukamilifu uzidi asilimia 95 na uchafuzi uwe chini ya asilimia 5. Lakini asiishie kunakili namba. Muulize: jenomu yako ina besi (herufi za DNA) milioni 9, ndugu zake wa karibu wana milioni 4.5, kwa nini? Mara nyingi atagundua mwenyewe kwamba sahani ilikuwa na bakteria wawili, na atarudi hatua ya 2 bila kusukumwa. Aandike toleo na mipangilio ya kila programu aliyotumia.

Hatua ya 6: Kuchapisha. Data ghafi iende SRA, hifadhidata ya data ghafi za usomaji wa DNA, jenomu iende GenBank, ambako programu ya PGAP inaweza kubainisha jeni. Jarida la Microbiology Resource Announcements hupokea taarifa fupi za jenomu, na ikisiri yake haizidi maneno 50. Rasimu aiandike mwanafunzi. Wewe weka maswali pembeni, usimwandikie upya. Waandishi wote waisome na kuikubali kabla haijatumwa. Maoni ya wahakiki yakirudi, keti naye, naye ndiye aandike majibu.