Kutengeneza pembe ya baruti: kazi yote iko nchani

Pembe ya baruti ni chombo cha zamani cha kubebea baruti ya bunduki. Nazungumzia ya mapambo, ya kutundika ukutani au kuvaa siku za tamasha. Baruti yenyewe ina sheria zake, mimi siigusi.

1. Kuchagua pembe

Nenda machinjioni, chagua ya ng'ombe iliyo nyeupe mwilini na nyeusi nchani. Weupe ukikwanguliwa vyema hupitisha mwanga, na ndivyo watu wa zamani walivyojua baruti imebaki kiasi gani bila kufungua. Ya nyati usiguse, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haina mzaha. Ijaribu kiunoni kabla hujalipa, maana si kila pembe hukaa vyema ubavu wowote.

2. Kutoa mfupa wa ndani

Chemsha mpaka ulegee, ugonge utoke. Fanyia kazi hii nje ya mji. Vichochoro vya Mkomani hapa Lamu ni vyembamba na harufu haina pa kupitia.

3. Kutoboa ncha

Hapa ndipo pembe nyingi huharibika. Uwazi wa ndani haufiki nchani, mwisho wake ni pembe tupu. Ingiza waya laini kwa upande wa tako, yaani ule mwisho mpana, ufuate mpindo mpaka ugote, ushike kwa kidole pale ukingoni. Utoe, ulaze juu ya pembe kwa mpindo uleule, utie alama unapokomea.

Alama hiyo ihakikishe. Zima taa, tia tochi ya simu ndani ya tako: penye uwazi patang'aa rangi ya asali, penye pembe tupu patakuwa giza. Ila kama weusi wa pembe umeanzia chini, mwanga hautakwambia kitu. Rudi kwenye waya.

Sasa kata ncha, na usione uchungu kupoteza urefu. Keekee huenda moja kwa moja, pembe imepinda, kwa hiyo ukianzia mbali utatokezea ubavuni. Kijana mmoja wa Langoni aliniletea yake ina tundu mbavuni, na hilo halina dawa. Kata mpaka rula ikilazwa kutoka nchani hadi kwenye alama isitoke nje ya pembe mahali popote.

Anza na biti ya milimita 3, upanue baada ya kufika kwenye uwazi. Toa mara kwa mara, puliza unga. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, simama, acha ipoe. Ndiyo maana nashikilia keekee ya upinde, kama ya mafundi wa majahazi Matondoni: haichomi, na mkono huhisi pembe inapoachia. Drili ya umeme hupita kabla hujajua.

4. Kukwangua

Tumia tupa, kipande cha kioo, msasa. Vaa barakoa.

5. Tako

Lilainishe katika maji yanayochemka, sukumiza kigogo kilichochongwa mviringo, kiache humo mpaka lipoe. Kizibo cha mbao ya mwembe chatosha, paka nta ukingoni, kaza kwa misumari midogo ya shaba. Ya chuma hushika kutu.

6. Kung'arisha

Jivu laini na mafuta ya nazi kwa kitambaa. Atakayekushauri sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi, muulize nani atalala chumba kimoja na pembe hiyo. Kisha zamisha tako ndani ya maji, puliza kwa nchani. Mapovu yakitoka, rudia nta.